Sauti Mia Tatu na Kumi na Mbili

Mlango wa Ofisi ya Amani haujawahi kunikataa. Kwa hiyo siku ile nilipomkuta Otmar Gama amesimama mbele yake, mikono kiunoni, sanduku la vifaa miguuni, nilifurahi kwanza kabla ya kuuliza. Mngoni kafungiwa nje na Mhehe ndiye mwenye ruhusa ya kuingia! Nafasi kama hiyo haiji mara mbili.

"Leo nimeamini babu zenu walikimbia kweli," nikamwambia. "Mpaka leo mkiona mlango umefungwa mnajua tumefika."

Otmar akageuka. Ana miaka sitini na moja, nywele zote nyeupe, na ndiye fundi wa mabomba ya baridi yanayofanya jengo letu lifae kukaliwa na binadamu. "Kamwene, mla mbwa," akanijibu, kwa salamu ya Kihehe na tusi wanalotutukania Wahehe. "Hebu nifungulie, bomba la ghorofa ya nne linavuja."

Juu ya kila mlango wa jiji la Lukosi kuna kioo kidogo kinachoonyesha namba ya hatari ya anayesimama chini yake. Yangu ilisomeka nne. Nilikuwa nimetoka kumtukana mtu na ukoo wake mzima, nayo ikabaki nne. Ya Otmar ilikuwa sabini na nane, na ndiyo sababu mlango ulikuwa unasitasita.

"Namba kubwa hivyo umeipata wapi, mzee? Unatukana mabomba?"

"Cheka tu. Siku yako ikifika nitakuzika mimi mwenyewe, na jeneza nitalikalia mpaka ndugu zako waniletee soda baridi."

Kioo kikacheza. Sabini na tisa. Themanini. Themanini na moja. Kikawa chekundu.

"Ndugu Otmar Gama," ukasema mlango kwa ile sauti yake ya upole, "umevuka themanini. Shauri lako litasikilizwa barazani leo saa tisa alasiri. Asante kwa kulinda amani."

Tukatazamana. Anayevuka themanini hupelekwa Bondeni, chini kabisa ya ukingo wa mlima lilipo jiji, ambako joto la mchana hufika nyuzi hamsini na hakuna bomba la baridi hata moja. Otmar ana kifaa cha moyo kifuani. Daktari wake alishamkataza hata jua la saa nne asubuhi. Kumpeleka Bondeni ni kumuua kwa utaratibu, na sote wawili tulijua hivyo.

"Vumi," akasema polepole, "mimi nimemtishia nani hapa?"

"Mimi," nikasema, nikiwa bado na kicheko mdomoni. Kisha kicheko kikanikauka. Nilianza mimi kutukana, yeye akajibu, na aliyepanda ni yeye peke yake.

Saa yangu ilionyesha saa sita na dakika kumi. Nilipanda ngazi mbili mbili kama msichana.

*

Kwa asiyejua: Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakapatana, na tangu hapo tunatukanana bila ruhusa ya kukasirika na tunazikana bila kungoja kuitwa. Mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayevaa koti la marehemu na kuigiza mwendo wake mpaka wafiwa wacheke watake wasitake. Msiba usio na mtani ni msiba mbichi.

Na mimi, Vumilia Kikoti, ndiye fundi mkuu wa Sikio. Sikio lipo majumbani, kwenye lifti, sokoni, kwenye korido, kwenye mabasi. Linasikiliza kila sauti ya jiji na kumpa kila mkazi namba yake, ili aliye karibu kumdhuru mwenzake ajulikane kabla hajanyanyua mkono. Nimezunguka shule zote nikiwaambia watoto kwamba Sikio halijui kabila wala sura, linajua hatari tu. Nilikuwa nasema kwa moyo mweupe. Nilikuwa najivunia!

Siku ile nilifanya jambo ambalo huwa tunalifanya mashine ikiharibika tu: nilifuata mizizi. Sikio halikuzaliwa linajua. Lilifundishwa kwa mamilioni ya sauti, na kila sauti ilibandikwa alama na mtu. Ukiwa na subira unaweza kuishika namba ya mtu na kuishusha ngazi kwa ngazi, mpaka uzikute zile sauti za mwanzo kabisa zilizolifundisha Sikio kumwogopa. Fundi yeyote atanielewa: kuna raha fulani ya kuwinda hitilafu, na mimi nilishainusa.

Ngazi ya kwanza: maneno ya kifo. Sawa, alitaja jeneza. Ngazi ya tano: maneno ya kifo pamoja na matamshi ya Songea, kwao Wangoni. Nikakaa wima. Ngazi ya kumi na moja ilikuwa matamshi ya Songea pamoja na kicheko, basi! Nani alilifundisha Sikio kwamba Mngoni akicheka ni hatari? Nikashuka tena, nikishangilia kimoyomoyo kwamba nimemkamata mjinga huyo, na chini kabisa nikakuta fungu moja la sauti, mia tatu na kumi na mbili, zote zimebandikwa alama ya tisho na mtu mmoja. Mbandika alama namba mia nne na kumi na saba.

Sikuhitaji kutafuta jina. Namba ile niliivaa shingoni kwa miezi minane.

Ilikuwa Iringa, miaka ishirini na miwili iliyopita. Ukumbi mmoja, watu arobaini, hedifoni zinazonuka jasho la mwenzako. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza na kubonyeza kitufe kimoja kati ya viwili: tisho, si tisho. Kitufe cha utani hakikuwepo. Aliyetunga vitufe hakuwa na watani, au aliwasahau. Otmar alikaa kiti cha jirani, wakati huo nywele zake nyeusi tii, na siku ya kwanza kabisa alikula chapati zangu mbili nilipokwenda msalani, akaniachia karatasi: "Kodi ya vita." Msimamizi alikuwa ametuambia kwamba siku ile ni ya majaribio, kila tutakachobonyeza kitafutwa. Nami mashine ikaniletea fungu la sauti za Songea. Harusi, vijiwe, misiba. Nikabonyeza tisho. Bibi mmoja anamwambia mtani wake atamtoa utumbo, watu wanaangua kicheko nyuma yake: tisho. Mchana kutwa, tisho, tisho, tisho. Nikamwita Otmar aone. "Kabila zima," nikamwambia, "nimelitia mahabusu." Alicheka mpaka akashika meza.

Hazikufutwa. Na kwa kuwa hakuna aliyerudi Songea kurekodi sauti nyingine, zile ndizo pekee ambazo Sikio lilijifunzia Wangoni.

Nikafungua orodha ya Bondeni. Watu elfu moja mia moja na arobaini. Wenye asili ya Songea, mia tano na sita. Hapa jijini, katika watu kumi na tano Mngoni ni mmoja. Nisijidanganye, hesabu hiyo nilikuwa nimeiona kila mwaka kwenye ripoti, na kila mwaka nilijiambia kwamba labda ni ukali wao. Nilikaa pale nikiona haya peke yangu chumbani.

*

Mkurugenzi wetu, Mama Tusekile Mwambene, alisoma mizizi yote akiwa amesimama. Ni mwanamke mrefu, hapendi maneno mengi.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe, mama."

"Mshushe Gama. Sasa hivi, mpaka thelathini. Saa tisa mkalifunge shauri lake barazani kama kawaida, aende zake nyumbani. Halafu mimi na wewe tunasafisha taratibu. Mwaka mmoja. Hakuna atakayejua."

"Na walioko Bondeni?"

"Tutawapandisha wachache wachache. Kwa msamaha."

"Msamaha wa kosa gani, mama?"

Alinigeuzia kioo chake. Kilikuwa na orodha ya nyumba thelathini na moja, zile ambamo wiki ile Sikio lilikuwa linasikia mwanamume ambaye sauti yake inaanza kubadilika kwa mkewe.

"Kabla ya Sikio tulikuwa tunazika wanawake saba kwa mwezi," akasema. "Wameuawa vitandani mwao, jikoni mwao. Mwaka jana wote tumezika mmoja. Unaijua ibara ya tisa kuliko mimi: fundi mkuu akitamka barazani kwamba Sikio lina doa la msingi, linazimwa papo hapo, lote, mpaka lifundishwe upya. Miezi minane, Vumi! Haya, nichagulie. Katika hawa thelathini na mmoja, nani afe kwa ajili ya utani wako?"

Nilikuwa natazama mstari wa kumi na nne. Lusajo Mwambene.

"Ndiyo," akasema. "Ni mwanangu. Anasema mumewe amebadilika, atatulia. Sikio linasema hatatulia."

Hata leo ninapoandika haya, jibu zuri sina. Nilirudi mezani kwangu nikabonyeza, themanini na moja ikawa thelathini, na kusema kweli nilifurahi. Otmar atapona! Nilishuka ghorofa sita mbio, na njiani nikawa natafuta tusi zuri la kumpelekea.

*

Nilimkuta chumba cha kungojea, kofia magotini, mlinzi mlangoni. Aliponiona akasimama.

"Thelathini," nikamwambia. "Saa tisa utakwenda kusimama tu, kisha nyumbani."

"Weee!" Alinishika mabega yote mawili. "Mhehe umefanyaje? Umewahonga mbwa?"

Ningeweza kumwambia ni hitilafu ndogo, akaniamini. Lakini mtu aliyenishika mabega vile sikuweza kumdanganya. Nikamweleza. Ukumbi wa Iringa, fungu la sauti, namba mia nne na kumi na saba.

Kwanza alicheka. Naapa alicheka, tena kile kicheko chake cha kushika meza. "Chapati zile! Zilikuwa na mafuta mengi, lakini tamu." Alijifuta machozi kwa kofia. Kisha mkono ukabaki palepale usoni.

"Adelhelm," akasema.

Adelhelm alikuwa mdogo wake. Alipelekwa Bondeni miaka miwili iliyopita, mkewe akamfuata kwa hiari, na katika mwezi wa tatu wa kukaa kule joto likammaliza Adelhelm.

"Barazani siku ile ulikuwepo wewe," Otmar akasema. "Fundi mkuu husimama akasema Sikio limesikia sawa. Ulisema."

"Nilisema."

"Nami nilikuamini. Alinipigia simu kutoka kule analia, nikamwambia tubu, acha ugomvi wako. Mtu mwenyewe hata kuku alikuwa hamfukuzi! Nilijiambia kwamba Sikio limesikia kitu nisichokijua. Alipokufa sikwenda kumzika, Vumi. Niliona haya."

Akakaa, akaweka kofia magotini tena, akainyoosha.

"Haya, na yeye mshushe," akasema. "Si kitufe kimoja tu? Bonyeza."

*

Saa tisa kasoro dakika tano baraza lilikuwa limejaa. Mashauri ya Sikio husikilizwa hadharani, na mzungumzaji ni mmoja: fundi mkuu husimama, husema maneno matatu, hukaa. Sikio limesikia sawa. Halafu namba. Nilishayasema mara nyingi kiasi kwamba ulimi ulikuwa unayajua kuliko mimi.

Mama Tusekile alikaa mstari wa mbele. Alinitazama mara moja tu akajua. Hakunyanyuka kunizuia, alifungua mkoba wake akatoa karatasi. Nilidhani anatafuta leso.

"Shauri la Otmar Gama," akasoma mwenyekiti wa baraza. "Fundi mkuu."

Nikasimama. Chini ya hofu yangu yote kulikuwa na kitu kingine, naona haya kukitaja: shangwe. Kama mtoto anayejua kwamba sasa hivi atavunja kitu kikubwa.

"Sikio halikusikia sawa," nikasema.

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akagonga meza. Nikapaza sauti.

"Halikusikia sawa leo, wala kwa Adelhelm Gama, wala kwa Mngoni yeyote aliyepita hapa. Aliyelifundisha ni mimi. Sauti mia tatu na kumi na mbili nilizibandika tisho kwa utani, nikamwonyesha mwenzangu tukacheka. Kisha watu wakapelekwa Bondeni, na kila mara nilisimama hapa nikasema ni sawa. Kwa ibara ya tisa natamka: Sikio lina doa la msingi."

Mlio wa Sikio kuzimika sikuwahi kuusikia, kwa kuwa halikuwahi kuzimwa. Ulikuwa mlio mdogo tu, tii, kama wa jiko la umeme likimaliza kazi. Kioo cha juu ya mlango wa baraza kikafifia. Kisha milango ikaanza! Wa baraza, wa korido, wa lifti, milango ya barabara nzima ya chini, mmoja baada ya mwingine, ta, ta, ta, ikiachia komeo zake. Kutoka nje tukasikia kelele. Watu waliokuwa wamezoea kunong'ona sokoni walikuwa wanapiga vigelegele. Mama mmoja wa Kingoni aliyekaa nyuma yangu alisimama juu ya benchi akamtukana mlinzi wa Kihehe tusi refu, la ukoo mzima, la kupendeza, akakaa akilia. Mlinzi alibaki mdomo wazi, kisha akamrudishia. Ukumbi wote uliangua kicheko.

Hapo Mama Tusekile akapanda jukwaani. Nilidhani atanizaba kofi, na nisingelikwepa.

"Nyamazeni!" akasema. "Kuna nyumba thelathini na moja ambazo tangu dakika hii hakuna anayezisikiliza. Hii ndiyo orodha. Namba kumi na nne nitakaa mlangoni mimi mwenyewe. Zilizobaki, nani?"

Watu walitazama viatu vyao. Kutamka ni rahisi, nikajiambia, hiki ndicho nilichowatupia.

"Nipeni ya chini," ikasema sauti ya Otmar. "Moyo wangu haupandi ngazi."

Mikono ikaanza kunyanyuka. Wauza nyanya, walimu, yule mama wa kwenye benchi. Nyumba thelathini zikagawanywa kwa dakika ishirini, watu wawili wawili. Mimi nilipewa ya tisa. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni mpaka kukacha. Mwenye nyumba alitoka mara mbili, akanitazama, akarudi ndani akalala. Siku ile ya kwanza hakufa mtu. Ya miezi minane iliyobaki sikuyajua, na nisingethubutu kuyaahidi.

*

Malori kutoka Bondeni yalifika asubuhi, saa tatu. Jiji zima lilijaa barabarani. Watu walikimbia sambamba na magurudumu wakiita majina, na kila jina likiitikiwa kutoka juu ya lori kelele zilipanda upya. Nilikuwa nimesimama pembeni. Asubuhi ile nilikuwa nimekabidhi funguo na kadi, na baraza lilikuwa limeniambia nisitoke nje ya jiji mpaka nitakapoitwa kujibu. Nilistahili. Lakini miguu ilinileta.

Otmar alimpokea mwanamke mwembamba mwenye furushi moja, ngozi imekauka kwa joto. Wakashikana muda mrefu. Kisha akamwongoza mpaka mbele yangu.

"Gaudensia, mke wa Adelhelm," akasema. Mimi hakunitaja kwa jina. Hakunitania pia. Tangu barazani hakuwa amenitania hata mara moja.

"Wewe ndiye Mhehe aliyesema?" Gaudensia akaniuliza.

"Ndiye mimi, shemeji. Ndiye niliyesema jana, na ndiye niliyesema siku ile."

Alinikagua toka kichwani mpaka miguuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa mate, kwa kofi.

"Mume wangu tulimzika bila mtani," akasema. "Kule nako kulikuwa na Sikio, mpaka makaburini. Tulimfukia kimya kama takataka, tukaogopa hata kutaja ulevi wake. Jumamosi tunaweka msiba upya, nyumbani kwa shemeji yangu huyu. Utakuja?"

Machozi yalikuwa yameshanilenga. "Nitakuja, mama. Nitakuja, naku..."

Akanyanyua mkono kunikatisha.

"Usije na hayo," akasema, akinionyesha macho yangu. "Kulia tumelia wenyewe miaka miwili, wala hatukukuita utusaidie. Koti lake ninalo kwenye hili furushi. Utalivaa, utatembea alivyokuwa anatembea, na utatuchekesha."

Akamshika Otmar mkono wakaondoka. Maisha yangu yote sijawahi kukosa neno la kumtupia Mngoni. Ilikuwa Alhamisi. Nilibaki nimesimama katikati ya vigelegele vile, nikijaribu kukumbuka Adelhelm alikuwa anatembeaje, na sikukumbuka, kwa kuwa siku ile barazani sikumtazama.